Ushahidi Utatolewa Makaburini

Kampala, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na Nakivubo yote ni matope. Nimefika ofisini na viatu vichafu, jambo nisilolipenda kabisa, lakini leo siwezi kukasirika.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewatetea watu ambao ardhi yao ilitwaliwa kwa mikataba ya enzi za Waingereza, mikataba ambayo babu zao waliitia dole gumba bila kusomewa. Nimeshinda mara chache. Katika dai la ukoo wa Mama Akello, mjane wa askari anayeishi Kisenyi, nilishindwa mara ya kwanza.

Kosa lilikuwa langu.

Nilimleta kaka yake mahakamani ataje makaburi yanayoonyesha mpaka wa ardhi yao. Mzee alisimama kizimbani, akanyamaza. Katika ukoo wao, majina ya wafu hutajwa makaburini tu, baada ya maji kumwagwa chini. Nilikuwa nimeambiwa. Nilidhani kiapo cha mahakama kingetosha. Hakimu aliandika kwamba shahidi hajui lolote.

Mzee yule alikwisha kufariki. Majina hayo sasa anayo Mama Akello peke yake, na kifua chake kinamsumbua.

Mwaka jana niliandikiana na wakili wa Nyuzilandi ambaye kazi yake yote imekuwa kuwatetea Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, katika madai yanayotokana na mkataba wa wazee wao na Waingereza. Alinieleza kwamba huko baraza linalosikiliza madai hayo huwafuata wazee katika nyumba ya mikutano ya ukoo wao, likaketi humo na kuwasikiliza kwa desturi zao. Niliisoma barua hiyo mara tatu. Nikaona haya.

Basi niliiomba tume inayosikiliza dai letu upya ifanye vivyo hivyo. Leo asubuhi jibu limekuja. Kikao cha mwezi ujao kitafanyika kwenye kilima cha ukoo wao, makaburini, na maji yatamwagwa kwanza.

Nilikwenda Kisenyi kwa miguu kumpa habari. Alikuwa mlangoni akichambua maharage.

"Wakili, hiyo watu ya tume itakuja kweli, na kiatu yao ya kung'aa?"

"Watakuja, Mama."

"Waambie wavae gambuti, matope ya huko inameza kiatu. Na wewe pia. Miaka yote kichwa yako ilikuwa ngumu kama jiwe ya kusaga. Sasa imeanza kusikia."

Nilistahili. Tukacheka wote wawili, mpaka kicheko chake kikageuka kikohozi kirefu, nami nikayatazama maharage.

Sijui kama tutashinda. Najua kwamba safari hii shahidi ataulizwa mahali anapoweza kujibu, mradi afike.

Kesho asubuhi nitampeleka kwa daktari kule Lubaga. Tukitoka huko, nitanunua gambuti.

Jozi mbili.