Injini ya Duane

Pinconning, Michigan
Novemba 19, 1994

Mpendwa mdogo wangu Jerry,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na wifi yangu Colleen na watoto, na kwamba yule mdogo kifua chake kimetulia. Mimi mwili ni mzima. Theluji ya kwanza imeanguka Jumapili, wakati nyinyi huko Houston nadhani bado mnatembea na kaptula. Baba naye ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha hapa mezani.

Utashangaa kuona anwani si ya nyumbani Bay City. Niko kwa mama mkwe wangu, mama yake marehemu Duane, na sijui nitakaa mpaka lini. Tafadhali usimpigie baba simu kabla hujasoma mpaka mwisho. Nakujua wewe, ukiona jambo gumu unatafuta njia ya mkato.

Unakumbuka Duane alivyofariki, koleo la theluji mkononi, hatua chache kutoka mlangoni, na mimi niko jikoni nakaanga mayai. Aliniachia ile pikapu ambayo chumvi ya barabarani, ile ya kuyeyushia theluji, ilikuwa imeshaila kwa kutu mpaka ukitazama miguuni unaona lami. Lakini injini yake ilikuwa haina kasoro. Silinda nane, na aliitunza kuliko alivyotunza meno yake. Kila nilipoiwasha ilikuwa kama namsikia anarudi kutoka kazini. Nilipohamia kwa baba nilikwenda nayo, na ndani ya gereji kulikuwa na gari la marehemu mama, ile Nova ya mwaka sitini na nane, aliyokuwa akiendea kanisani na sokoni tu. Bodi yake safi kabisa, kwa kuwa majira ya baridi mama hakuitoa nje hata siku moja. Ila ile injini ya silinda sita, si unakumbuka? Ikipanda daraja tulikuwa tunamtania mama tushuke tusukume.

Wazo lilikuwa la baba, nisimnyime haki yake. Aliniambia binti yangu, pikapu hii inaoza na wewe unaililia, hebu tuichomoe injini ya mumeo tuifunge kwenye gari la mama yako, na siku itakayounguruma gari ni lako. Alisema maneno hayo jikoni, chini ya picha ya mama. Nilimkumbatia, Jerry. Sikuwa nimemkumbatia tangu mazishi ya Duane.

Basi tukaanza. Nikisema tukaanza unanielewa. Vidole vya baba vimekakamaa, spana inamdondoka, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ya kiwandani kichwani, akinielekeza na kunifokea. Mimi ndiye niliyelala chini ya gari. Vishikizo vya injini ya zamani havikuikubali hii ya nane, nikavifungua na kufunga vingine nilivyovitafuta mwenyewe kwenye magari mabovu. Bomba la ekzosi likagoma kupita karibu na usukani, nikalivua na kulivisha mpaka mikono ikavimba. Rejeta ikabidi iwe kubwa zaidi. Springi za mbele nikaweka nzito, kwa sababu injini ya Duane ina uzito na pua ya gari ilikuwa inainama. Baba alinicheka nikikosea, akasema fundi gani huyu anayenyoa nyusi kwa moto wa kuchomelea. Nilicheka pia. Ulikuwa wakati mzuri, nikwambie ukweli. Nilidhani nimempata baba.

Haya yote unayajua. Nilikuandikia kila hatua, nawe ukanijibu kwamba dada umekuwa fundi, sasa nakuogopa.

Siku ya kuiwasha, mwezi wa tisa, baba aliwaita wanaume wa mtaani. Alikuja Stan Wrobel, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na wenzake watatu waliofanya kazi na baba kiwandani. Baba akaniambia niwahi ndani niwaletee wageni kahawa na donati. Nikaenda. Nilikuwa bado namimina kahawa niliposikia inaunguruma. Jerry, sauti ile ile. Nilisimama jikoni na birika mkononi nikalia. Siku niliyoisubiri, nikaisikilizia dirishani.

Nilipotoka na sinia, mikono yangu ina girisi mpaka kwenye viwiko, Stan alikuwa anamwuliza baba, mzee Kaz, nani kaifunga kazi safi namna hii? Baba akamjibu bila kupepesa, nani tena, si mimi na Jerry, kijana ananielekeza kwenye simu na mimi nafunga. Stan akaitazama mikono yangu. Akaitazama vizuri tu. Halafu akachukua donati.

Nilidhani ni majigambo ya uzee. Nikasubiri wageni waondoke nikamwuliza. Akasema nisimtie aibu mbele za watu, mwanaume gani anakubali kusema kafungiwa injini na binti yake. Akaongeza kwamba amefikiri sana, injini kama ile itaniua, mwanamke hawezi kuimudu, na mimi atanitafutia kigari kidogo cha kunitosha. Nova ni ya Jerry. Nikamkumbusha alichosema chini ya picha ya mama. Akasema mama yako naye angesema hivi hivi. Hapo nilitamani kupasua sahani zote za nyumba ile. Sikupasua hata moja, nikaziosha.

Jumapili akakupigia simu. Nilikuwa nimesimama pale pale, na wewe sauti yako ni kubwa, nilikusikia. Akakwambia gari ni lako, njoo Sikukuu ya Shukrani ulichukue, tumelifunga sisi wawili, sivyo mwanangu? Nikashika ukingo wa meza. Nikasema moyoni huyu ana barua zangu, huyu atasema. Wewe ukacheka kidogo, ukasema asante, baba. Basi. Maneno mawili. Baba ni mzee na amelelewa hivyo, naweza kumtafutia sababu. Wewe nimekutafutia mpaka nimechoka.

Sasa sikia nilichofanya.

Unajua katikati ya Novemba ikifika na msimu wa kuwinda paa ukifunguliwa, hapa kwetu hakuna mwanaume anayebaki mjini. Baba, Stan na wenzao wakapakia bunduki, soseji na bia, wakaenda kambini kaskazini. Kabla ya kuondoka baba aliniachia maagizo mawili, nimlishe paka na nisiliguse gari la Jerry.

Paka nilimlisha.

Nilifunga mlango wa gereji, nikashusha mnyororo wa kapi kutoka kwenye boriti, nikaitoa injini ya mume wangu. Sikuhitaji kuelekezwa, kila bolti niliifunga mwenyewe na mkono wangu unaikumbuka. Ya mama ilikuwa pale pale pembeni chini ya turubai, na vishikizo vyake nilikuwa nimevihifadhi kwenye kopo la kahawa. Nikairudisha. Si mwizi mimi. Nimeifunga vizuri, nimeweka plagi mpya na oili mpya, inawaka kwa mara moja na inakohoa kama zamani. Mama mkwe alikuja na tela, nikaishusha ya Duane juu yake, naye akaleta blanketi la kuifunikia. Iko hapa bandani kwake. Kitu kimoja sikukirudisha, zile springi nzito. Sikusahau. Nilitaka aone.

Akaona. Walirudi juzi na paa wawili kwenye gari la Stan. Nilikuwa nimebaki nimngoje, sikutaka aseme nilitoroka. Alishuka akiwaita wenzake waje wasikie mnyama wake anavyonguruma. Mlango wa gereji ukafunguka, akasimama. Injini ya mama ni nyepesi kwa springi zile, kwa hiyo Nova imeinua pua juu. Akafungua boneti. Stan alichungulia akacheka kwa nguvu, akasema Kaz, mnyama wako kakonda! Baba hakucheka. Alizungukazunguka gari, akagusa bolti moja moja kwa vile vidole vyake, akitafuta kosa. Hakuliona. Ndipo akanigeukia, na mimi nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa tayari hata kupigwa.

Akaniuliza nani amekusaidia.

Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, kwa upole, kama anayemwuliza mtoto nani amemdanganya. Nikamwambia baba, ni mimi, na mara ya kwanza nilikuwa mimi, ulikuwa umekaa kwenye ndoo unaniona. Akatikisa kichwa. Nikachukua mkoba wangu nikaja huku kwa mama mkwe. Wenzake wamenisimulia kwenye simu kwamba tangu juzi anapita nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani. Wote wanamjibu jibu moja, mzee Kaz, sisi sote tulikuwa na wewe porini. Anarudi nyumbani anakaa kwenye ndoo anafikiri.

Sitakuja mezani kwenye Sikukuu ya Shukrani. Ukija, gari la mama lichukue kwa amani, ni zuri, ila usilikimbize darajani. Nisalimie Colleen, mwambie ile fulana ya mtoto nimeimaliza kufuma, nitaituma. Wabusu wanao kwa ajili yangu. Mama mkwe naye anakusalimu.

Mtaani amewamaliza wote, umebaki wewe. Atakuuliza, na safari hii asante baba haitatosha. Ni jina moja tu analolitafuta. Nimekuandikia hapa chini, usije ukasema umelisahau.

Dada yako,

Arlene