Rekodi ya Mama Noela

Kibabi, Jumanne jioni

Siku tatu natafuta kosa ndani ya hesabu zangu, na kosa haliko. Nimechoka mpaka macho.

Nilimuvalisha Mama Noela kofia ya waya inayosoma ubongo, nikamuambia afunge macho na apumzike tu. Modeli yangu ya hesabu inafuata namna sehemu za ubongo zinaungana na kuachana, dakika kwa dakika. Majirani zake wote niliowapima walitulia. Kwake sehemu hizo ziliungana na kuachana mara saba. Profesa wangu ameandika kutoka Goma: "Hayo ni makelele ya mashine, futa rekodi yake."

Leo nimeacha ordinatere, kompyuta yangu, nikaenda kumuuliza mwenyewe. Nimemukuta anachambua maharagi.

"Dada, nani anafunga macho bure? Nilikuwa naombea batoto yangu. Mumoja mumoja, na jina yake."

Nilicheka. Ndiyo hiyo mapumziko yangu ya kisayansi! Nikamuuliza iko na watoto wangapi.

"Batano njo biko bazima," alisema, bila kuinua kichwa. "Lakini mi naombeaka bote saba."

Labda ni bahati tu. Rekodi moja haihakikishi kitu, najua.

Profesa anangoja jibu. Sifuti.