Sauti Mfukoni mwa Mama

Bunia, mtaa wa Lumumba
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa Yaya Arlette, dada yangu mkubwa,

Unisamehe kwa kutanguliza neno hili mbele ya salamu. Nikianza na salamu nitaogopa. Nitajaza ukurasa kwa habari za mvua na za majirani, kisha nitafunga barua bila kulisema. Mama haoni tena maandishi. Sisemi kwamba anaona kwa shida. Ukimpa kitabu, anaona weupe wa karatasi basi. Na bado kila asubuhi anaingia darasani, anasimama mbele ya watoto na kitabu mkononi, anawafundisha kusoma. Anayemsaidia kuficha ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote, na hata kwa Mungu sijathubutu kulisema kwa sauti.

Sasa nakusalimu. Hujambo wewe na Shemeji Guelord? Watoto wanaendeleaje, na kile kikohozi cha mdogo kimepona? Tumesikia kwamba barabara ya Aru imekatika tena kwa mvua, na malori yanalala njiani. Sisi huku tu wazima. Papa bado anafanya vibarua anapovipata, na mgongo unamsumbua jioni, ila kwa kucheka hajambo. Wote wanakusalimu bila kujua kwamba ninakuandikia.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Ni kwa sababu ya simu yenyewe. Simu ya Mama, ile tunayotumia wote, siku hizi inasema. Ujumbe ukiingia, inausoma wote kwa sauti, jina la aliyeutuma na kila neno. Ukinijibu humo, Papa atasikia akiwa kwenye kiti chake. Kwa hiyo mpe jibu lako huyu dereva aliyekuletea barua, ananijua.

Ilianza hivi. Baada ya kupata diploma nilikaa nyumbani nikisubiri, na unanijua, mgeni akipiga hodi mimi niko nyuma ya mlango. Kazi yangu ikawa kumsaidia Mama kusahihisha kazi za wanafunzi, kwa sababu alisema amechoka. Jioni moja kwenye sala ya nyumbani alifungua Biblia akatusomea Zaburi, vizuri kabisa, kwa ile sauti yake ya shuleni. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Nikatupa jicho kwenye ukurasa. Ulikuwa umefunguka kwenye Kitabu cha Hesabu.

Kesho yake nilimuuliza jikoni, kwa kunong’ona. Alinikamata kifundo cha mkono akanibana hadi nikaumia. Akaniambia nifikirie Mwalimu Kasereka, aliyelala mgonjwa, akarudi na kukuta mtu mwingine ameshika chaki yake. Unajua Bunia ilivyojaa walimu waliokimbia vita vya Djugu kama sisi, shule zao zimefungwa, wanapita shuleni kwa Direkta Hubert kila Jumatatu kuuliza kama kuna nafasi. Mama alisema hatawapa nafasi yake. Na kweli Yaya, kazi ile ndiyo inayotulisha. Papa akijua atamwambia akae nyumbani, kwa upendo tu, na tutakuwa tumekwisha.

Sauti ya simu niliigundua kwa bahati mbaya. Nilikuwa ninaifuta vumbi nikabana vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja, ikaanza kusema Kifaransa. Nilijaribu kuizima, ikakataa. Kila nilipogusa, ilitaja nilichokigusa bila kukifungua, mpaka nilipojua kwamba sasa inataka kuguswa mara mbili. Nilitoka jasho. Halafu nikasimama pale pale uani na kile kitambaa mkononi, nikamfikiria Mama.

Nikatafuta programu inayopiga picha ya ukurasa na kuusoma. Ikawa kazi yetu ya kila alasiri. Mimi ninapiga picha za somo la kesho, Mama anasikiliza na kurudia, na darasani anaweka simu kwenye mfuko wa blauzi, kisikilizio sikioni chini ya kilemba. Kidole gumba kinakaa mfukoni. Akigusa mara mbili, sauti inasoma sentensi. Mama anaisema kama anayeitoa kitabuni. Akigusa tena, inayofuata. Mimi ninakwenda naye na kukaa kiti cha nyuma, kwa kisingizio cha kumsaidia kwa sababu watoto ni wengi.

Usidhani ilikuwa rahisi. Waliotengeneza programu ile hawakumfikiria mtu asiyeona. Vitufe vingi havina majina. Mama akivipapasa, sauti inamwambia tu “bouton sans nom, bouton sans nom,” yaani kitufe kisicho na jina, kama mtu anayekuonyesha nyumba bila kukuambia nani anakaa humo. Ikabidi avijue kwa mahali: cha kusoma kiko chini, upande wa kulia, upana wa kidole kutoka ukingoni. Na sauti haijui nini cha kuacha. Inasoma namba ya ukurasa na jina la mchapishaji. Siku moja Mama alitangaza mbele ya darasa kwamba mbwa wa Pierre amepotea, ukurasa wa arobaini na mbili. Watoto walicheka, naye akacheka nao, akasema alikuwa anawapima kama wanasikiliza.

Nyumbani ilikuwa hatari zaidi. Siku moja Mama akiwa anaoga, simu iliita. Papa akaishika, ikamtajia jina la mpigaji kabla hajasoma. Akaigusa, ikasema. Akaigusa tena, ikasema tena. Nilimsikia akipaza sauti: “Gracia! Weye kuya hapa! Iko nani mu hii simu? Namuambia nyamaza, ananijibu Kifaransa!” Nikamwambia imeharibika. Akasema basi aipeleke kwa fundi, na kama fundi atashindwa aipeleke kwa wamama wa chumba cha sala wanaofukuza pepo, kwa maana mashine inayojua kilicho kwenye ujumbe kabla mwenyewe hajausoma si mashine peke yake. Alisema kwa kucheka, lakini hakuwa anacheka kabisa. Mama alitoka na maji yakimtiririka usoni, akaichukua mkononi mwake, akamwambia kwamba yeye anaipenda hivyo hivyo, inamkumbusha mama mkwe. Papa alicheka mpaka akashika mgongo. Mimi sikuweza kucheka.

Alhamisi iliyopita ndipo alipokuja inspekta wa shule.

Direkta Hubert alikuwa ameonya kwamba inspekta atapita madarasani, na kwamba mwalimu asiyeridhisha hatarudi baada ya Pasaka. Tulilijua somo. Mama alikuwa amelisikiliza mpaka akaweza kulisema nusu nzima bila simu. Nusu ya pili ilikuwa na majina na maneno magumu, hiyo tuliiachia sauti.

Inspekta alikaa karibu yangu, mtu mnene mpole mwenye miwani. Mama alianza vizuri. Alisoma sentensi, watoto wakarudia, akaeleza neno, akasoma nyingine. Aliinua macho na kuyashusha kitabuni kama ulivyomjua zamani. Alipofika katikati nikaona kiwiko chake kinasogea. Kidole gumba kilikuwa kinatafuta. Kikaenda kushoto, kikarudi. Nikajua mara moja. Asubuhi nilikuwa nimetia mega za intaneti kwenye simu ili nimtumie rafiki yangu ujumbe, na programu ile ilitumia nafasi hiyo kujibadilisha yenyewe. Niliona rangi mpya kwenye skrini, nikafikiri ni urembo tu. Kumbe kitufe kilikuwa kimehama. Mahali pake waliweka kingine, na sikioni mwa Mama kulikuwa na kitu kimoja tu: bouton sans nom, bouton sans nom.

Inspekta akainua kichwa. Akamwambia Mama, kwa adabu kabisa, kwamba mwalimu hasimami mbele ya wanafunzi na mkono mfukoni.

Mama akautoa mkono. Akashika kitabu kwa mikono miwili. Yaya, nimewahi kusikia risasi, na wewe umezisikia, lakini sijawahi kuogopa vile. Niliona midomo yake inajikunja. Nilitaka kusimama niseme lolote, kwamba naumwa, kwamba nyumba inaungua. Mimi, mtoto wake, sikusimama.

Aliyesimama ni Clémence, msichana wa benchi la mbele, wa huko huko kwetu Djugu. Akasema, “Madame, tuache siye tusome. Kila siku unasoma weye tu.” Darasa zima likainuka na vitabu, likaanza pale pale Mama alipoachia, kwa sauti moja, polepole, wakikata kila jina gumu vipande vipande kama wanavyofundishwa. Mama akawasikiliza. Walipomaliza aliwauliza maswali juu ya yale waliyosoma, na alipolishika somo, lilikuwa lake. Kisha inspekta akasema awaeleze ile picha ya chini. Hatukuwa tumeitazama picha. Mtoto mmoja akainua mkono kabla Mama hajafungua kinywa, akauliza: “Madame, kwa nini huyu mama mu picha anabeba kuku kichwani na mutoto wake analia nyuma?” Mama akatabasamu, akaieleza picha ile kama aliyeichora.

Inspekta aliandika maneno mazuri. Alimwambia Direkta kwamba ni nadra kukuta wanafunzi wanaojiamini hivyo.

Jioni Mama alimsimulia Papa kwamba darasa la mwaka huu limechangamka kupita kiasi, linamnyang’anya mwalimu kitabu, na kwamba Bwana ndiye aliyelituma wakati ule. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tulipohama. Jana nilipombembeleza jikoni juu ya daktari wa macho, alinikatiza. Mboni zake zina weupe kama maziwa, Yaya, na yule muuguzi aliyekuja parokiani alisema mara nyingi macho ya namna hiyo yanapasuliwa na mtu akaona tena. Mama akasema operesheni ni ya watu wenye mtu wa kuwashikia kazi. Kwa nini aiache wakati inspekta mwenyewe amemsifu? Akaongeza, akipanga sahani kwa kupapasa, kwamba siku wanafunzi watakapojua haoni, ataweka chaki chini siku hiyo hiyo, kwa sababu hatakaa mbele ya watoto wanaomhurumia.

Hapo nilikuwa tayari nimezungumza na Clémence.

Nilimkuta Ijumaa bombani, anachota maji ya kufutia ubao. Ilinichukua muda kupata ujasiri. Nilimuuliza kwa nini alisimama. Alinitazama kama mimi ndiye mdogo. Akaniambia kwamba wanajua, wote, tangu kabla ya Noeli, hata kabla yangu. Wamepatana. Hakuna anayebadilisha mahali pa kukaa, ili Madame amjue kila mmoja kwa sauti na kwa upande inakotoka. Anayeandika ubaoni anasema kwa nguvu anachoandika. Mtoto mpya akifika kutoka kambini, anaambiwa siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo. Nikamuuliza kama wamewaambia wazazi. Akasema, “Tuwaambie, halafu watuletee mwalimu mwingine? Siye tunamutaka huyu.” Akabeba ndoo yake akaenda.

Kwa hiyo Yaya, neno moja tu la kwangu lingetosha. Nikimwambia Mama kwamba watoto wanajua, kesho anaacha kazi, na keshokutwa huenda akakubali kwenda kwa daktari. Nimelifikiria tangu Ijumaa, hata kanisani leo sikusikia mahubiri. Siwezi. Angekwenda ameinamisha kichwa, kama mtu aliyefukuzwa. Nataka aende akiwa mwalimu.

Ndiyo maana nimekuandikia. Mwite aje Aru likizo ya Pasaka. Mwambie watoto wako wamemkumbuka, mwambie umeumwa, tafuta lolote, hawezi kukukatalia wewe mkubwa. Ulizia huko, au ng’ambo Uganda, mahali wanapopasua macho, mfikishe mlangoni kabla hajajua mnakwenda wapi. Jicho moja kwanza, linatosha kurudi nalo darasani. Siku atakazochelewa, nitashika chaki mimi. Nimeshamuomba Direkta, nimemwambia kwamba Mama anasafiri kwa mambo ya familia. Ndiyo, mimi, nilikwenda mwenyewe ofisini kwake, nikaongea huku nikitazama viatu vyangu, naye akakubali.

Msalimie Shemeji, uwabusu watoto kwa ajili yangu. Mungu awalinde nyote huko mpakani.

Papa mwambie habari ya macho wewe mwenyewe, operesheni ikishapita. Lakini hili la watoto nakuomba ulifiche, Yaya, hata Mama akishaona, hata akizeeka akacheka na kusimulia jinsi alivyomdanganya inspekta. Mwache asimulie hivyo.

Mdogo wako anayekupenda,
Gracia