Debe la Maji Kule Kondoa

Mjukuu wangu Neema,

Bibi yako hajambo, na sukari siku hizi inapatikana dukani. Umeuliza kama timu ya chuo chetu iliwahi kutwaa kombe. Hapana. Shajara yangu inaonyesha tulihitaji sare tu katika mechi ya mwisho kule Kondoa, mwezi wa Ramadhani. Wenyeji walikuwa wamefunga swaumu. Wakati wa mapumziko, nahodha wetu Lazaro alilifunika debe letu la maji.

“Kunyweni bwana, swaumu ni yetu!” nahodha wao akacheka.

“Tutakunywa pamoja,” Lazaro akajibu.

Tulimnung'unikia, koo zimekauka. Tukashindwa kwa bao moja.

Jua lilipozama walitukaribisha futari. Nahodha wao alipokea kikombe cha kwanza, akampa Lazaro kabla hajaonja mwenyewe.

Ni mimi babu yako, Yohana