Nafasi Baada ya Kistari

Jumatatu, 2 Juni
Nimepuliza tarumbeta uani kama kila asubuhi. Nota saba, pumzi ikakatika. Baridi ya Vwawa mwezi huu haina adabu. Subira, binti yangu, kaniletea uji na habari: kesho kamati inakuja kuchukua vitu vyangu vya bendi, viwekwe kwenye makumbusho mapya. Watavipanga kwenye ghala la zamani la kahawa. Mji unamuenzi mpiga jazi wake, anasema. Haya.

Jumanne, 3 Juni
Wamekuja na kirikuu, kigari cha mizigo. Mwalimu Ezekia, mwenyekiti wao, kabeba picha za bendi mwenyewe. Wamechukua viatu vyeupe nilivyovaa tukipiga dansi Tunduma na kuvuka mpaka kupiga Nakonde, Zambia. Subira akakunja koti langu la bendi, akaliweka juu ya kitambaa cheupe. Nikaingiwa na baridi. Kwetu nguo za mtu hukunjwa hivyo akishazikwa, ndugu wakigawana. Mimi nimekaa pale pale, natazama. Hakuna aliyeshangaa. Wakataka na tarumbeta. Nikasema bado.

Ijumaa, 6 Juni
Naogopa kufa. Basi, nimeandika. Wenzangu wote wa bendi wametangulia, na kila mmoja nilimpulizia kaburini. Tarumbeta likifungiwa kwenye kabati la makumbusho, nami nitafuata. Ni ujinga, najua. Nalala nalo kitandani.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada Mwalimu kanipeleka ghalani. Pazuri, pamepakwa rangi. Ukutani jina langu, herufi kubwa. Chini yake mwaka niliozaliwa, kistari, halafu nafasi tupu. Fundi kapima vizuri, mwaka mwingine unaenea kabisa. Nikauliza ile nafasi ni ya nini.
“Aa, mzee wetu, huo ni utaratibu tu.”
Hakunitazama. Nikashika mlango.

Jumatano, 11 Juni
Wapiga matarumbeta wa kanisa wanafanya mazoezi ya ufunguzi wa makumbusho Jumamosi. Nimewasikia toka nyumbani. Wamechagua wimbo wa kushusha jeneza! Ndio wanaoujua kuliko zote, maana wiki haipiti bila msiba. Na mimi ndiye niliyewafundisha. Nimecheka mpaka nikakohoa. Kisha hofu ikarudi, kubwa zaidi.
“Baba, huu si msiba, ni heshima,” Subira kasema. Nikamfokea. Akalia. Kwa aibu nikampa tarumbeta alipeleke.

Jumamosi, 14 Juni
Ufunguzi. Watu wamejaa. Tarumbeta langu ndani ya kabati la kioo. Vijana wa kanisa wakaanza ule wimbo, na watu, kwa mazoea, wakavua kofia na kuinamisha vichwa. Mama mmoja akajifuta machozi. Mbele yangu! Nikaona giza. Nikamwambia Mwalimu afungue kabati, sasa hivi. Akafungua. Nikapuliza dansi letu la zamani, vibaya, nusu ni mate. Vijana wakanyamaza, kisha mmoja akanifuata, na wote. Yule mama akacheka huku analia. Tarumbeta nimerudi nalo.

Jumatatu, 16 Juni
Nimepuliza uani. Nota sita. Tumekubaliana na Mwalimu: asubuhi langu, mchana la kabati, jioni Subira analirudisha. Nimelipeleka mwenyewe leo. Ghalani tulikuwa wawili tu, mimi na Mwalimu. Nimeomba chaki, nikaandika kwenye ile nafasi: yupo. Mwalimu kasema chaki inafutika upesi. Najua. Kipande kilichobaki nimekitia mfukoni.