Sefu Sikumkuta, Nimemkuta Mwingine

Kibiti, Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, nguo kambani zimegoma kukauka, na mimi nina furaha ya kijinga.

Shajara, nina kosa la kukuungamia. Unakumbuka wafadhili walikubali kunilipia utafiti, niende Dar es Salaam kusoma majalada ya Mjerumani na kutafuta watu wa huku waliokamatwa katika Vita vya Maji Maji. Mwalimu wa sekondari kupata ruzuku! Nilitembea kifua mbele. Kwenye andiko langu niliahidi kuanza na baba wa babu yangu, Sefu. Jina hilo nililiandika karibu kila ukurasa.

Jumatatu nikaenda Mchukwi kumuaga shangazi yangu, Bi Mwanahawa. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamsimulia, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Ati Sefu gani aliyekamatwa na Mjerumani? Mzee alisilimu baada ya vita, alipotoka kifungoni, ndipo akaitwa Sefu. Alipokamatwa alikuwa na jina lake la Kimatumbi.

Loo! Ningemtafuta mpaka macho yaume mtu ambaye hakuandikwa popote. Na wazee wengi kwenye orodha yangu walisilimu vilevile, baada ya vita.

Nikamwomba anitajie jina la kwanza. Akakataa katakata. Kwetu habari za kifungo kile hazisimuliwi hivi hivi, mpaka marehemu asomewe hitima.

Kuwaandikia wafadhili kulinitia hofu. Umeomba fedha za watu, umepewa, halafu unakiri hujui hata jina la unayemtafuta? Nilijua watazirudisha kwao. Nikaandika hivyo hivyo: niruhusuni nianze kwa wazee, nikusanye majina ya zamani, ndipo nifungue majalada. Siku tatu nikangoja jibu.

Jana wamejibu. Wamekubali.

Leo tumesoma hitima uwanjani kwa shangazi. Wali, kuku, dua ndefu, majirani wamejaa. Walipotawanyika akaniita jikoni, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akanitazama kama anayemwonea huruma mtoto.

"Kwani mimi nakuitaje siku zote?"



Mbonde. Ni yeye peke yake anayeniita hivyo, tangu nilipotoka jandoni. Nilipokuwa shule nilimsihi asiniite Mbonde mbele ya wenzangu, maana niliona ni jina la kishamba. Hakuacha. Sasa nakumbuka alivyokuwa akisimama mlangoni akiliita jina hilo la mzee kwa sauti, hata nikiwa karibu. Naona haya, shajara, ila nimefurahi kuliko nilivyoona haya.

Keshokutwa naondoka. Huenda jalada lenyewe limeliwa na mchwa, huenda lipo. Nikilikuta jina limeandikwa pale, sijui nitalisoma au nitaitika.