Manyoya ya Bawa la Kushoto

Daa, Jumatano, Juni 1978

Mshale ni wangu. Niliujua kabla askari wa wanyamapori hajauweka mezani kwa balozi wa nyumba kumi. Manyoya matatu ya kanga, yote ya bawa la kushoto, yamekatwa mshazari. Nilijifunza mwenyewe kukata hivyo. Hapa Daa hakuna mwingine.

Umetolewa kwenye nyati aliyekufa msituni Ngorongoro.

"Wazee, nani hukata manyoya namna hii?" askari aliuliza.

Shemeji Bura akaangalia chini. Nilikuwa nimemwazima mishale sita ya kufukuzia nguruwe shambani, akarudisha mitano. "Mmoja umevunjika, shemeji," alisema, akacheka. "Wewe nawe, unahesabu hata punje!"

Nikimtaja, dada yangu anabaki peke yake na watoto wanne. Nikinyamaza, kesho askari wanapekua nyumba zote, na kwangu ipo mishale kumi na mmoja.

Nimeichoma yote. Lakini wote wanajua natengeneza mishale, na askari ataniambia nikate manyoya mbele yake. Basi jioni hii nimejaribu kukata vibaya, nizoee. Mara tatu.

Mara tatu yametoka yale yale.